Gari la spoti likichanika sakafu: alipe mwenye gari au aliyeuza?

Mvita_Birmingham
Salaam nyote. Nimekaa na jambo hili wiki mbili, naomba tulijadili. Nilinunua gari la spoti la miaka mitatu kwa muuzaji hapa Uingereza, likaja na waranti ya miezi 12. Jina lake siliandiki, wala la kampuni iliyolitengeneza. Brosha ya gari hilo, ukurasa wa kwanza, inalionyesha likikata kona kwenye uwanja wa mbio huku matairi yanafuka moshi. Mwezi wa tano tangu kununua nikalivusha hadi Ujerumani, Nürburgring, ule mzunguko mrefu wa kilomita 20.8, nikazunguka mara sita. Kurudi nyumbani nikaanza kusikia "tak" kule nyuma kila nikiachia mafuta. Likapandishwa juu: bati la sakafu pale linaposhika krosimemba ya nyuma (fremu ya chuma inayobeba difu na kushika magurudumu ya nyuma) limechanika, ufa wa urefu wa kidole.

Muuzaji kakataa kulipa. Kanitolea picha niliyopigwa na wale wapiga picha wa pale, namba ya gari inasomeka. Ati nimeshindana. Mimi sijashindana na mtu. Swali langu: gari likiuzwa kwa sifa ya uwanjani, likivunjika uwanjani, mzigo ni wa nani?

KasiMia_254
Kaka pole, lakini mzigo ni wako. Mchezea tope humrukia. Hapa Nairobi tuna Subaru STI zetu, tunazipeleka time trial (mbio za kupimana muda) uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, na kila mtu anajua akivunja pistoni ni mfuko wake. Hakuna anayekwenda kulia kwa mwenye yadi. Waranti ni ya kwenda kazini na sokoni. Ukitaka mbio, lete pesa ya mbio.

Mvita_Birmingham
@KasiMia_254 nani kalia? Nimeuliza swali. Wewe gari lako limetoka Japani likiwa na miaka saba, limeshuka Kilindini bila waranti hata ya betri, huna wa kumdai ndiyo maana humdai. Usinifanye mimi mnyonge kwa sababu wewe hukupewa haki yako.

Na jingine. Nürburgring siku za watu wote si mashindano. Kisheria ni barabara ya kulipia. Sheria za barabarani za Ujerumani zinafuatwa, kupita mwenzako kulia ni kosa, kujipimia muda ni marufuku. Unalipa getini unaingia, hata mwenye basi dogo anaingia. Sasa hayo ni mashindano gani?

Bi_Zuhura_Sheria
Mvita, kabla hujagombana na watu sikiliza hapa. Umeshika waranti ukasahau sheria. Uingereza kuna Consumer Rights Act ya 2015. Bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha na ifae kazi yake. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita tangu ukabidhiwe, inachukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku hiyo, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Wewe umesema mwezi wa tano. Waranti yake ikatae isikatae, haki hii haiondoki. Mwandikie barua leo, taja sheria kwa jina, na gari lisiguswe mpaka likaguliwe na mtaalamu asiye wa upande wowote. Ukiliziba ufa umezika ushahidi.

Injinia_Mwenge
Tuache sheria kidogo tuongee chuma. Ugonjwa huu una historia. BMW M3 ya E46 (E46 ni namba ya toleo, M ni zile za spoti), ile ya 2000 hadi 2006, ndiyo iliyoufanya ujulikane dunia nzima. Krosimemba ya nyuma inashikwa na boliti nne kwenye bati la sakafu, na bati lile limeunganishwa kwa vitone vya kuchomelea. Ukikanyaga mafuta, difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, inataka kujizungusha, ukiachia, inarudi. Bati linapinda huku na huku, sawa na unapokata waya kwa kuukunja. Vitone vinafunguka kimoja kimoja, kisha ufa unatembea. Mlio wa "tak" ukiachia mafuta ndiyo dalili yenyewe.

Na hii ndiyo hoja kubwa: zilichanika hata za watu waliokwenda nazo ofisini tu, na hata E46 za kawaida zisizo M. Uwanja unaharakisha tu, ugonjwa unakuwamo. Kwa hiyo KasiMia amekosea, na muuzaji pia.

Ushauri wangu Mvita: usije ukadanganywa ukalileta gari Bongo au Kenya likachomelewe na mafundi wetu wa chini ya mwembe. Wale wanachomelea sakafu ya gari kwa fimbo za kuchomelea mageti.

FundiBodi_Gerezani
Injinia umesema nini?

Mimi nina miaka 19 ya ufundi Gerezani, Dar es Salaam. Nimefundishwa na mzee wangu aliyefundishwa relini. Sichomelei bati kwa fimbo ya geti. Natumia mashine ya kuchomelea ya MIG na gesi yake, naondoa nyaya za betri kwanza, nashusha tangi la mafuta, navua kiti cha nyuma na zulia lote. Ufa natoboa tundu dogo mwishoni mwake usiendelee kutembea, nasaga mpaka chuma cheupe, ndipo nafunga, halafu naweka kiraka cha bati nene kinachosambaza mzigo. Nimefanya hivyo kwa E46 tatu. Mbili bado naziona barabarani, moja mwenyewe kaiuza Arusha.

Wewe umeshika kalamu, siku gari lako likigongwa unalileta kwa nani? Kwetu. Usiku. Unaomba lipatikane kabla mke hajajua.

KasiMia_254
Fundi umenena. Hawa wasomi wakija garage wanaita "boss", wakirudi kwa simu wanaita "chini ya mwembe". Hapa Kenya magari mengi ya rally yamejengwa na mafundi wa kwetu. Ukiangalia gari la Safari Rally ndani, vile vitone vya kiwandani havikuachwa hivyo. Wanavua kila kitu wanachomelea mshono wote mwanzo hadi mwisho, kisha wanaweka mabomba ya chuma kama mbavu. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha mjaribu kuhesabu ni kazi ya nani hiyo usiku wa service.

Injinia_Mwenge
Sikusema mafundi wote. Nimesema wa chini ya mwembe. Aliyejisikia anajijua.

Na tusipotoshane. Kuchomelea gari la rally lililovuliwa bodi nzima si sawa na kuziba ufa kwenye gari jipya. Magari ya sasa yana vyuma vya aina nyingi ndani ya bodi moja. Kuna vile vigumu vilivyopikwa kiwandani. Ukivitia moto mkali vinapoteza nguvu yake, vinakuwa bati la sufuria. Mtengenezaji anakuambia kata hapa, gundisha pale, ribeti pale. BMW wenyewe kwa ufa mdogo wa E46 walikuwa wanajaza povu maalum linaloganda ndani ya uwazi wa sakafu, na ufa mkubwa wanabadilisha bati zima. Fundi wa Gerezani analo povu hilo?

FundiBodi_Gerezani
Povu sina. Povu linaletwa na mwenye gari akitaka, linauzwa. Lakini nakuuliza mkuu: povu linarudisha kitone kilichofunguka? Linashikilia tu. Walioweka povu peke yake wengi walirudi kuchomelea. Na viraka vile vya chuma vinavyouzwa Uingereza na Ujerumani kwa ajili ya E46, vimebuniwa na mafundi wa mitaani wenye gereji zao, nje ya kiwanda. Wewe ungewaita chini ya mwembe pia?

Saidi_wa_Muscat
Assalamu alaykum. Nawasoma tangu alfajiri, naona swali la ndugu yetu wa Mvita limezama. Niongeze mawili.

Porsche 911 GT3 ya 2014: mbili zilishika moto, chanzo boliti za rodi za pistoni ndani ya injini kulegea. Kampuni iliwaambia wenye magari yote 785 wasiyaendeshe, kisha ikabadilisha injini zote. Haikuuliza nani alikuwa uwanjani na nani alikuwa sokoni. Baadaye yalipotokea matatizo ya sehemu za valvu kwenye injini hizo, wakaongeza waranti ya injini mpaka miaka 10. Kumbe inawezekana.

Upande wa pili Nissan GT-R R35. Ile ya Japani ina kizuizi cha kasi cha kilomita 180 kwa saa, na setilaiti inaijulisha gari kwamba sasa uko kwenye uwanja wa mbio unaotambulika, ndipo inakuruhusu kukiondoa. Lakini ukishafanya hivyo, waranti inadai gari likaguliwe kwenye kituo chao maalum. Yaani gari lenyewe linakushuhudia. Ni masharti makali, lakini mnunuzi anayajua tangu mwanzo. Shida ya Mvita ni kwamba kaonyeshwa picha ya uwanja kwenye brosha, akafichiwa masharti.

KasiMia_254
@Saidi GT-R za huku zimekuja na kizuizi hicho hicho na hakuna uwanja hata mmoja wa kwetu setilaiti inautambua. Watu wanakiondoa kwa kompyuta mtaani. Ungekuwa na waranti ungeipoteza siku hiyo hiyo.

Bi_Zuhura_Sheria
Narudia kwa sababu naona watu wamehamia kwenye povu. MVITA. MIEZI SITA. Umeandika barua?

Mama_Abuu_Tanga
Mimi si mtu wa magari sana, mwanangu ndiye. Ila nina neno. Huyo kijana kalipa pesa yake halali. Kama gari haliwezi kukimbia mbona waliuze kwa bei ya kukimbia? Mimi nikiuza dera nikasema halichuji, mteja akalifua likachuja, siwezi kumwambia umelifua sana.

KasiMia_254
Mama heshima yako, lakini akilifua kwa jiki?

Mama_Abuu_Tanga
Kama kwenye picha ya tangazo nimeweka chupa ya jiki pembeni yake, mwanangu, nitarudisha pesa.

Injinia_Mwenge
Mama Abuu kaifunga. Mfano wake ni ule wa Toyota GR86 Marekani. Mnunuzi anapewa uanachama wa mwaka mmoja wa National Auto Sport Association, chama cha mbio za magari, pamoja na siku ya kwenda uwanjani, ni sehemu ya ofa. Halafu 2022 kuna mmoja injini ilimfia akakataliwa waranti kwa picha za mtandaoni anadrifti, yaani anatelezesha gari makusudi. Wakati huo wenye magari hayo walikuwa wameshaona silikoni ya kuziba mafuta inakatika vipande na kwenda kuziba kichujio cha pampu ya oili. Kelele zilipokuwa nyingi akatengenezewa.

Na Ford Shelby GT350 je? Za mwanzo, zile za bei ya chini, zilitoka bila vipozeo vya giaboksi na difu. Uwanjani zikipata moto zinajipunguzia nguvu zenyewe. Wenye magari wakaenda mahakamani Florida 2017. Mtu kanunua gari lenye jina la Shelby, linafika katikati ya mzunguko linakuwa teksi.

FundiBodi_Gerezani
Injinia haya yote unayajua, lakini bado hujaomba radhi.

Injinia_Mwenge
Radhi kwa lipi? Nimeeleza kazi mbaya, nawe umeeleza kazi nzuri. Tunasema kitu kimoja.

FundiBodi_Gerezani
Hatusemi kimoja. Ukisema "mafundi wetu" umenitaja mimi na mzee wangu marehemu. Kuna watu wanakula kwa jina hilo. Mteja mmoja akisoma maneno yako kesho anapeleka gari kwa mwenye jengo la vioo, anachajiwa mara nne, na huko ndani anayelichomelea ni kijana niliyemfundisha mimi.

Injinia_Mwenge
Hilo la kijana nalikubali, nimeliona kwa macho. Basi fundi, kwa wewe na mzee wako, Mungu amrehemu, nisamehe. Kwa wale wa fimbo za geti neno langu liko palepale.

Mvita_Birmingham
Nimerudi. Nilikuwa kazini. Bi Zuhura, barua imekwenda jana, nimeitaja sheria kama ulivyosema. Leo asubuhi wamenipigia, sauti imebadilika. Mwanzo ilikuwa "umeshindana". Sasa ni "tuleteeni gari tuliangalie tena, bila ya kukubali kosa".

Lakini sitaki kuwapelekea. Nikiliacha kwao nani atajua kama ufa ule watauacha ulivyo?

Na @KasiMia, lile neno la "kulia" bado sijalisahau.

Bi_Zuhura_Sheria
Usipeleke kabla ya mkaguzi wako. Akiripoti kwamba vitone vilianza kufunguka zamani, kwa mfano kuna kutu ndani ya ufa au rangi imeingia, basi Nürburgring haina uzito tena. Ukimpata mkaguzi mwambie atoe maoni yake kwenye hilo tu: ufa mpya au wa zamani. Ndipo waje na gari la kubeba.

KasiMia_254
Mvita nilikosea neno, si hoja. Hoja bado nayo: ungekuwa umekimbia siku ishirini badala ya mizunguko sita ungesema nini? Kuna mahali mwenye gari anaanza kubeba. Ni wapi? Hakuna aliyenijibu.

FundiBodi_Gerezani
Kutu ndani ya ufa inaonekana kwa macho, haihitaji mashine. Ufa mpya unang'aa, wa zamani ni mwekundu au mweusi kwa vumbi la barabarani. Mvita, una picha ya karibu? Iweke hapa, upige ukiwa na tochi pembeni, usipige kwa mbele.

Mvita_Birmingham
Ngoja nishuke kwenye maegesho.