Kefiri na tumbo kujaa gesi wakati wa kukoma hedhi

Swali: Habari zenu, dada zangu. Nina umri wa miaka 52, na tangu hedhi ilipoanza kuruka miezi, tumbo langu hujaa gesi kila jioni hadi nalazimika kufungua kifungo cha sketi. Je, kefiri inaweza kunisaidia?

Jibu la 1: Pole sana, dada. Homoni ya estrojeni inaposhuka, hata mwendo wa chakula tumboni huweza kubadilika. Kefiri ni maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria pamoja na hamira, kwa hiyo sehemu ya laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, huwa imekwisha kuliwa na vijidudu hivyo, na ndiyo maana wengi wanaosumbuliwa na maziwa ya kawaida huimudu. Anza na vijiko 2 au 3 kwa siku, kwani glasi nzima ya mara ya kwanza inaweza kuzidisha gesi. Usiichemshe, moto huua bakteria hao.

Jibu la 2: Nakubaliana naye. Mimi naithamini zaidi kwa kalsiamu, maana miaka hii mifupa hudhoofika haraka. Chagua isiyotiwa sukari.

Jibu la 3: Dada, ikiwa tumbo limejaa hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo, tafadhali mwone daktari kwanza, kwa sababu saratani ya ovari nayo huweza kuanza kwa dalili hiyo hiyo.