Lord of the Flies: miwani ya Piggy tuiweke upande gani?

Mama Neema: Wadau, hamjambo. Binti yangu anasoma riwaya hii ya William Golding ya 1954, ya wavulana wa Kiingereza waliokwama kisiwani bila mtu mzima. Daftarini kaandika: kome la kuitia mkutano, ambalo anayelishika ndiye mwenye zamu ya kusema, ni ustaarabu, kichwa cha nguruwe kwenye kijiti ni ushenzi. Jana nikamuuliza, na miwani ya Piggy, mmoja wa wavulana hao, je? Akanyamaza, na mimi sina jibu. Ndiyo inayowasha moto wa kuombea msaada, lakini moto huohuo wa kwanza unateketeza msitu na yule mtoto mwenye baka usoni haonekani tena. Halafu Jack, mkuu wa wawindaji, anakuja usiku kuipora miwani, imebaki kioo kimoja, na kome analiacha palepale. Kwa nini aliache?

Mtu wa Amu: Kwa sababu kome halina nguvu kwa asiyelisikiliza. Huku kwetu siwa, lile baragumu la heshima, ukiiona imewekwa tu ni shaba. Heshima yake ilitoka kwa watu walioitambua sauti yake. Jack ameshapata nyama na wafuasi, zamu ya kusema ya nini tena? Moto wa kuchomea nguruwe ndio anaoutaka.

Mwalimu wa Fasihi: Dada, neno "ushenzi" mwambie binti alifute. Watu wa pwani walilitumia kuwadharau wa bara, kisha wakoloni wakalidaka. Hawa ni watoto wa kwaya kutoka Uingereza! Aandike "unyama". Wanamtafuta mlimani mnyama wanayemwogopa, kumbe kule juu kuna maiti ya rubani na parachuti lake. Simon peke yake ndiye aliyehisi kwamba mnyama huenda ni wao wenyewe. Na asiruke pale Roger, mfuasi wa Jack, anapomrushia mtoto mdogo Henry mawe akimkosesha makusudi. Mkono bado unaogopa wazazi, shule, polisi. Mkono huohuo ndio unaokuja kusukuma jiwe linalomuua Piggy, na kome linapasuka vipande papo hapo. Mimi ukurasa ule wa mawe madogo unaniumiza kuliko wa jiwe kubwa.

Mama Neema: Asanteni sana. Tumeusoma pamoja ukurasa huo wa Roger, mara mbili. "Unyama" ameandika. Miwani kaiacha katikati ya mistari yote miwili, kisha akanikumbusha kwamba moshi ulioileta meli ni wa moto wa Jack, uliowashwa ili Ralph, kiongozi waliyemchagua mwanzoni, atoke mafichoni auawe. Sasa ananiuliza yule ofisa aliyewaokoa, mwenye sare nyeupe na bastola kiunoni, na manowari inamngoja, amwandike mstari upi.

Mtu wa Amu: Amweke pale ilipo miwani.