Simu kwa skopu: mbona kila picha inatoka na duara nyeusi na ndege amekuwa uji?

Mdiria_Kasarani:

Wasee habari zenu, si mnisaidie kabla sijaiuza hii kitu. Mwezi uliopita nilinunua skopu (ile darubini ya jicho moja ya kuangalia ndege) ya mtumba kutoka kwa jamaa alikuwa anahama, lenzi ya mbele 65mm, zumu 20 hadi 60, bei ilikuwa ya kuokota. Ukiangalia kwa jicho ni raha tupu, Jumamosi nilikuwa Manguo kule Limuru nikamwona mdiria kwa matete, samaki bado anarusha mkia mdomoni, na huyo ndege ni mdogo kuliko ngumi yangu.

Sasa shida ni picha. Niko na simu ya kawaida, kamera tatu nyuma. Nikiishikilia kwa mkono hapo pa kuwekea jicho napata kiduara katikati na giza pande zote, mara nusu ya picha imepotea, nikigusa skrini ivute fokasi mkono ushasonga na ndege hayuko. Nikanunua adapta ya plastiki elfu moja mia nane, ile ya kubana na skrubu, ikawa afadhali, lakini nikivuta zumu ya simu picha inaruka yote inakuwa nyeusi tii. Na nikisema nifungue skopu mpaka 60 nimlete karibu kabisa, anakaa kama amepigwa kupitia kioo cha bafuni.

Ninunue simu kali zaidi ama ni adapta? Ama mniambie tu ukweli kwamba skopu ni ya macho na picha niwaachie wenye malenzi ya laki tatu. Bajeti yangu msicheke, ni elfu tano.

Kwarara_wa_Saa_Kumi_na_Mbili:

Usinunue simu! Hiyo pesa weka. Hizo shida zote nimezipitia.

Hiyo ya picha kuruka ikawa nyeusi: simu yako iko na kamera tatu na wewe umeweka moja tu mbele ya skopu, sivyo? Ukivuta zumu simu inajiamulia kuhamia kamera ya pili, na hiyo ya pili inaangalia plastiki ya adapta. Zingine hata hazingoji uvute, zikiona kitu kiko karibu na lenzi zinarukia ile kamera pana ya kupiga maua na wadudu. Ingia kwa mipangilio uzime hiyo ya makro kama ipo, ama utafute programu ya kamera yenye inakuachia uchague lenzi moja uifunge hapo hapo. Mimi kabla nigundue hivyo nilikuwa nimelaani adapta mbili bure.

Duara nyeusi ni mambo ya umbali. Toa simu, elekeza skopu mahali kuna mwanga halafu urudi nyuma kidogo uangalie lenzi ya jicho, utaona kashimo kadogo ka mwanga kanaelea hapo nyuma yake. Hapo ndipo lenzi ya simu inatakiwa kukaa, si mbele si nyuma, na katikati kabisa. Ukiwa mbali unaona duara, ukikaribia kupita kiasi vivuli vyeusi vinaanza kucheza kando. Kama iko na ile raba ya kuzungusha ya watu wa miwani anza ikiwa chini kisha uipandishe polepole huku macho yako kwa skrini, mpaka duara ifunguke. Ikibaki kidogo pembeni achana nayo utaikata ukifika nyumbani, ama vuta zumu ya simu mara moja na nusu hivi.

Sasa hiyo 60 yako. Chukua 65 ugawanye kwa zumu. Kwa 20 hako kashimo kako na upana wa milimita 3 na kitu, kwa 60 kanabaki 1 na kidogo. Upana umeshuka mara tatu, kwa hivyo mwanga umeshuka mara tisa. Simu itafanya nini, itapandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) na kufungua shata muda mrefu, na ndio unapata uji. Halafu kumbuka kamera kuu ya simu nyingi ni kama 26mm kwa hesabu za kamera kubwa, zidisha kwa 20 uko na 520mm tayari, lenzi yenye watu wanauza ploti kununua. Kaa kwa 20. Ukishikwa na tamaa, 30.

Lenzi_Ndefu:

Nitasema yenye hamtaki kusikia. Ndege akiruka na skopu umekwisha. Nimebeba hiyo mizigo miaka miwili, skopu, tripodi, adapta, na kila saa nikishafunga simu vizuri ndege ameenda lanchi. Jamaa auze hiyo skopu, aongeze pesa anunue kamera ya zumu ndefu iliyotumika, ya lenzi isiyotoka, atapiga hata mwewe akishuka. Picha za skopu ni za kuonyesha marafiki kwamba kweli ulimwona, basi.

Kwarara_wa_Saa_Kumi_na_Mbili:

@Lenzi_Ndefu kwa ndege wa kuruka nakubali kabisa. Lakini "kuonyesha kwamba kweli ulimwona" ndiyo kazi yenyewe bro, ukiweka ndege wa ajabu kwa eBird, ile tovuti ya kurekodi ndege umeona, bila picha utaulizwa maswali kama uko kortini. Na hii kitu si ya jana. Kuna Mmalaysia, Laurence Poh, mwaka 1999 alipiga ndege kwa Coolpix 950 ya Nikon kupitia skopu, na hiyo kamera ilikuwa na megapikseli kama 2 tu, watu dunia nzima wakaanza kumwiga. Ujanja ni kwamba lenzi yake ilikuwa ndogo na ilikuwa inavuta zumu ndani kwa ndani bila kutokeza, sawa tu na simu zetu. Ndio maana simu leo inakaa vizuri kwa skopu kuliko kamera kubwa yenye lenzi kama sufuria.

Mama_Shorobo:

Mwanangu Mdiria, hongera kwa huyo wa matete. Vijana wamekueleza ya simu, wacha mimi nikueleze ya chini, maana picha nyingi zinaharibika kwa miguu.

Hapo Manguo ulisimama wapi? Kama ulikuwa karibu na barabara ya Nakuru, basi kila lori likipita ardhi inatetemeka na skopu inatetemeka nayo. Jicho lako halioni lakini kamera inaona. Subiri lipite. Tripodi usiinue ile nguzo ya katikati, fungua miguu minene kwanza ile myembamba iwe ya mwisho, na uning'inize begi lako hapo chini katikati. Halafu usibonyeze skrini kwa kidole! Weka taima ya sekunde 2, ama chomeka spika za masikio zile za waya utumie kitufe cha sauti, simu nyingi zinapiga picha hivyo. Mimi natumia hizo za waya mpaka leo na wajukuu wananicheka.

Pili ni jua. Ukiwa Nairobi National Park saa nne asubuhi ukiangalia mbuni kule mbali kwa nyika, utamwona anachezacheza kama yuko ndani ya maji. Hiyo ni hewa ya joto na hakuna adapta wala simu inayoiponya, ukikuza mara 60 unakuza na hiyo hewa. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili, ingia na hiyo ya kwanza. Na kwa kuwa huruhusiwi kushuka gari ila pale mahali palipowekwa kama Impala Observation Point na Hippo Pools, beba kamfuko ka mchele ama maharagwe uweke kwa dirisha, skopu ilale juu yake, mwambie dereva azime injini na wote wakae kimya wasihamehame viti.

Ndege weupe ni shida nyingine. Yangeyange akiwa juani simu inamfanya karatasi, hana unyoya hata mmoja. Gusa skrini pale alipo, ushikilie mpaka ijifunge, kisha uteremshe mwanga. Bora awe mweusi kidogo kuliko kuungua.

Na tafadhali funga simu na kamba. Simu yangu ya kwanza ya mambo haya iko chini ya kidimbwi kimoja kule Ruai hadi leo. Nilikuwa nimeinama kufungua chai, upepo ukapiga, adapta ikalegea, nikasikia "chubwi". Korongo taji walikuwa wawili hapo mbele wala hawakugeuka. Line nilirudishiwa, picha za harusi ya msichana wangu hazikurudi.

Ukipata nafasi Jumatano asubuhi njoo Makumbusho, pale Museum Hill, matembezi ya ndege ya Nature Kenya huanzia hapo. Kuna watu wa skopu, watakuonyesha kwa mkono. Na ukienda Arboretum peke yako na hiyo mirija, kumbuka Ikulu ni jirani, elekeza miti tu.

Fundi_Patapata:

Adapta ya elfu moja mia nane ndio adui yako, nazijua, ile skrubu inalegea kila ukigeuza skopu na lenzi inahama katikati. Tengeneza yako. Pima kipenyo cha nje cha lenzi ya jicho, yangu ilikuwa 43mm. Nenda hadweya yoyote uombe kipande cha paipu ya maji ya plastiki kinachopita hapo kikiwa na nafasi kidogo, mara nyingi wanakupa tu vile vipande vya kutupwa. Ndani uizungushie raba, na raba nzuri kuliko zote ni patapata kuukuu, ile ya kisigino ishaisha, kata ukanda mwembamba uingie kwa nguvu kiasi, ishike lakini usihitaji kupigana nayo. Halafu nunua kava ngumu ya simu yako ya shilingi mia mbili, weka paipu ikizunguka shimo la kamera KUU pekee, gundisha na gundi ya kuchanganya mbili.

Urefu wa paipu ndio kazi yenyewe. Anza ndefu, kata milimita mbili mbili ukijaribu, duara ikifunguka unaacha kukata. Ukipitiliza umeharibu, rudi hadweya.

Na toa simu ndani ya kava kabla ya kuweka gundi. Naandika hii kwa sababu najua watu.

Kama mikono yako si ya kazi hiyo peleka Kamukunji, fundi wa bati atakukatia ya aluminiamu ukinywa soda.

Lenzi_Ndefu:

Patapata kwa skopu. Sawa. Nimekaa chini.

Mdiria_Kasarani:

Nimerudi wakuu. Imepita wiki mbili. Nilifunga kamera moja vile Kwarara alisema na hiyo peke yake ilimaliza nusu ya matatizo, sikuamini ni kitu ndogo hivyo. Nikafanya mazoezi na marabu pale mzunguko wa Nyayo, hao wako juu ya miti na hawana haraka ya maisha, nikakaa ng'ambo na skopu kwa 20, taima sekunde 2, watu wa matatu wakidhani mimi ni wa kaunti napima barabara. Picha 140, nzuri 9, lakini kwa hizo tisa unaona zile nywele chache za kichwani moja moja.

Jumapili nikaingia Karura saa moja kasoro na nikapata shorobo! Alikaa kwa mti wa matunda kama dakika nne, jicho na ile duara nyekundu, na doa jeupe hapo mbele ya jicho, yote iko. Alipofungua mabawa kuruka, ule wekundu wote ukatokea na mimi nikapata tawi tupu. @Lenzi_Ndefu najua unatabasamu. Next time nitaacha video ya 4K inaendelea tu nichomoe picha moja humo, kila fremu ni kama megapikseli 8, inatosha.

Mama Shorobo kamba nimefunga, ya lesi ya kiatu. Jumatano nikipata ruhusa kazini nitakuja.

Paipu pia nimetengeneza, duara imeisha kabisa, mkanda wa patapata ni wa kijani na umeshika vizuri mno. Sasa @Fundi_Patapata kuna swali dogo. Gundi ikikauka, mtu anatoaje simu kwa kava? Nauliza ya rafiki.

Fundi_Patapata:

Rafiki yako alisoma ile aya ya kutoa simu ama alirukia Kamukunji?

Mdiria_Kasarani:

Alirukia. Na tundu la chaji liko upande wenye gundi, simu imebaki asilimia 11.