Raspberry Pi ya 2012: nibaki na Wheezy au niweke mfumo mpya?

Mkazi_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Jamaa yangu kaniachia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) Model B ya mwanzo, ya RAM 512MB, pamoja na kadi ya SD yenye Raspbian Wheezy, mfumo endeshi wake wa zamani, ya Mei 2015. Nimeichomeka kwenye TV, desktopu ikafunguka bila kusuasua. Kadi nyingine nikaweka Raspberry Pi OS ya sasa, biti 32. Nimebofya menyu, nikaenda kukoroga uji, nimerudi bado inawaza! Nataka dogo ajifunzie Python, lugha ya kuandikia programu, na ikiwezekana itunze picha za familia. Nishike ipi?

FundiKkoo
Mkuu, hapo unaionea tu. Prosesa ni ya aina ya zamani, ARMv6, MHz 700, kiini kimoja. Mfumo mpya weka toleo la Lite lisilo na desktopu, uingie kwa SSH, yaani kuiamrisha kwa maandishi kupitia mtandao, kutoka kwenye laptop. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, usihangaike nayo, haikubali ARMv6.

BintiSinza
Mimi natetea Wheezy, ila isiguse intaneti. Debian 7, ambayo ndiyo msingi wa Wheezy, haijapata marekebisho ya usalama ya kawaida tangu 2018. Kwa mtoto anayeanza, Python imo, desktopu nyepesi, bando haliliwi. Shida iko wapi?

Kigamboni_Dev
@BintiSinza shida ni kwamba Python 3 iliyomo ni 3.2. Masomo ya siku hizi yamejaa f-string (njia ya kuchomeka thamani ndani ya maandishi), na hizo zilianza 3.6. Dogo atanakili mstari uleule wa mwalimu, apate SyntaxError (kosa la uandishi), adhani yeye ndiye mjinga.

BintiSinza
Hilo sikuliwaza. Nimenyoosha mikono.

Mkazi_Tabata
Nimejaribu kuisasisha Wheezy hata hivyo. Amri ya kusasisha, apt-get update, inaleta 404 (faili halipo) mwanzo mwisho. Kivinjari nacho kinalalamika kuhusu vyeti vya usalama kila tovuti. Nikaangalia saa: Mei 2015!

FundiKkoo
Haina betri ya saa hiyo. Ikizimwa, inaamka na tarehe ya mwisho iliyoiandika, kwa hiyo vyeti vya leo inaviona havijazaliwa. Rekebisha saa kwanza. Lakini hata hapo tovuti nyingi zitagoma, maana cheti mzizi cha zamani kilichotumiwa na Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya tovuti nyingi, kilikwisha 30 Septemba 2021 na Wheezy haikijui kipya. Kuhusu 404, vifurushi vilihamishiwa legacy.raspbian.org, badilisha anwani kwenye /etc/apt/sources.list.

Na kabla ya yote pima umeme. Kwenye bodi kuna vituo viwili vya kupimia, TP1 na TP2. Mita isome kati ya volti 4.75 na 5.25. Chaja nyingi za mtaani zimeandikwa 2A kwa mapambo.

Kigamboni_Dev
Picha za familia usiweke humo kabisa. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, utalia. Halafu USB na LAN zinagombea njia moja, kunakili albamu ni safari ya Dar–Mwanza.

Mkazi_Tabata
Mrejesho. Mita ilisoma 4.58! Nimebadilisha waya wa chaja tu, sasa 4.91. Lite inakwenda vizuri, na jana dogo kaandika programu ya kukadiria uniti za LUKU zitaisha lini. Picha nimeziacha kwenye diski ya nje. Kadi ya Wheezy nilitaka kuifuta, kakataa: kuna gemu ya nyoka humo ndani na bado hajavunja rekodi ya mama yake.