Nyumba za mbao za Munigi na Kibati: nianzie wapi?

Wakubwa zangu na ndugu, naomba ushauri. Nataka kuandika habari za nyumba za kawaida za Munigi na Kibati, vijijini kaskazini mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), zile za mbao na mabati, zilizokaa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Wengine huzidharau, mimi naona akili kubwa ya ujenzi. Baada ya lava ya 2002, mbao zilisimama haraka pale ambapo kuchimba msingi ni kupasua mwamba. Na jiwe lilelile likawa uzio: tazameni linavyopangwa, mara nyingi bila simenti hata kidogo!

Mafundi wazee niwaulize nini kwanza? Nitangulize vipimo, au masimulizi ya wenye nyumba? Na wenyewe niwaombe vipi ruhusa ya picha?