Naombeni ushauri: mke wangu ana sado mbili sokoni, na mimi ni mzee wa kanisa

Baba Tumaini:
Shalom wakuu, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Naombeni ushauri, wenye kejeli pitieni nyuzi nyingine maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mtumishi wa umma hapa Mbeya, kanisani ni mzee wa kanisa kipindi cha pili sasa. Mke wangu ana meza ya mchele na maharage sokoni, anauza kwa kilo na kwa sado, kile kindoo cha kupimia, ila wateja wengi ni wa sado. Juzi kulikuwa na msiba upande wa kwao Tukuyu ikabidi Jumamosi nimshikie meza. Akaja mama mmoja wa makamo, sura naijua, nikachukua sado iliyokuwa juu ya gunia nikaanza kuchota, akacheka akaniambia "baba, mimi nipimie na ile ya chini ya meza, mama Tumaini ananijua." Nikainama, kweli ipo. Nikaziweka pamoja, kwa nje ni pacha kabisa, lakini ukiingiza mkono hii ya juu imegongwa kitakoni ikaingia ndani kama pingili mbili za kidole. Kumbe nzima ni ya wanaojuana, iliyogongwa ni ya wapita njia.

Nikampimia akaenda zake. Waliofuata niliwapimia na ile nzima mpaka jioni, huku najificha majirani wasione maana wote bei ni moja.

Mke aliporudi nikamuuliza kwa upole tu. Hakukataa, yeye ndiye alinishangaa mimi. Akasema soko zima ndivyo lilivyo, "ulidhani sado inauzwa bei ile kwa nini? hii ni biashara, mwizi ni anayeiba." Na huyu ni mama anayefunga kila Ijumaa, anaongoza maombi ya akina mama, umbea hana, chenji ikizidi kwenye daladala anairudisha. Ndiyo kinachonichanganya. Ingekuwa ulevi au uzinzi tungeshaitana kwenye baraza la wazee, hii mbona hata haisemwi?

Sasa nimlazimishe aache? Nimpeleke kwa mchungaji? Au nimezidisha, maana rafiki yangu mmoja nilimdokeza akacheka mpaka machozi.

Mpita Njia 2:
Umezidisha mkuu. Mteja anaiona sado kwa macho yake, anakubali bei, analipa, anaondoka, hapo aliyeibiwa ni nani? Ushuru wa soko, panya, mchele unaokauka ukapungua uzito, hivyo vyote analipa nani? Mungu anaangalia moyo. Muache mama atafute hela.

Katekista Mstaafu:
Mpita Njia, anaiona kwa nje, ndani haoni, na ndiyo maana ikagongwa kitakoni na siyo ubavuni. Yangekuwa mapatano ile nzima isingefichwa chini ya meza.

Baba Tumaini kasome Kumbukumbu la Torati 25 kuanzia mstari wa 13. Musa anakataza mtu hata kuwa na vipimo vya namna mbili nyumbani kwake, kikubwa na kidogo, yaani kabla hata hujampimia mtu yeyote. Na usiseme haisemwi, Mithali imelitaja mara kadhaa, 11:1, halafu sura ya 20 mstari wa 10 na tena wa 23. Ni sisi wahubiri tunairuka kwa sababu wafanyabiashara ndio wanaojenga makanisa, tusidanganyane.

Ila inayokuhusu wewe hasa ni Amosi 8. Wale watu walikuwa wanaitunza sabato vizuri tu, hawafungui maduka, lakini wamekaa wanahesabu itaisha saa ngapi wakauze nafaka kwa efa (kipimo chao cha nafaka) iliyopunguzwa na takataka za ngano juu yake. Ibada ilikuwepo. Kufunga Ijumaa hakujawahi kuzuia Jumamosi ya namna hiyo, na dhambi ikishapata kiti nyumbani mwa mtu wa maombi haisumbuliwi na mtu, inazeeka humo humo.

Mama Tuli:
Samahani watumishi naomba nimuulize mleta mada kwanza. Baba Tumaini, ada ya watoto analipa nani? Mchele unaokula jioni umetoka wapi? Ile bahasha ya ahadi unayoitoa mbele za watu kama mzee wa kanisa, imejazwa na mshahara au na meza? Maana nyie wanaume mna tabia, mama anahangaika jua lake mvua yake miaka yote hamjui hata gunia linanunuliwa bei gani, siku mkikaa mezani masaa kumi mnarudi na utakatifu. Sisemi sado iliyogongwa ni sawa, siyo sawa, nimewahi kuuza dagaa najua. Nasema ukienda kwake na Biblia mkononi kama hakimu utakuwa umekula nyama ukamkabidhi yeye mifupa.

Baba Tumaini:
Mama Tuli umegonga penyewe. Mshahara wangu una mkopo, kwa hiyo ada na kodi ya nyumba zinatoka sokoni. Sijawahi kumuuliza faida anapataje.

Mama Mboga wa Eldoret:
Hata huku kwetu Kenya gorogoro, yale makopo ya kupimia nafaka, zinagongwa chini hivyo hivyo na zingine zinakatwa kidogo kwa juu, si soko la Mbeya pekee yake. Mimi niliokoka nikaendelea kuitumia kwa muda mrefu tu na hakuna mtu aliniambia kitu, pastor mwenyewe alikuwa ananunua kwangu lakini yeye nilikuwa namuongezea mkono mmoja juu 😂

Mkulima Usangu:
Mimi ndiye ninayelima huo mchele mnaogombania. Muulize mama gunia analinunuaje. Madalali wakija huku mashambani wanakuja na lumbesa, gunia linajazwa, linashindiliwa, halafu juu linashonewa kilemba mpaka linakaribia kuwa gunia na nusu, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya Vipimo Sura ya 340 ipo, kila msimu tunatangaziwa mwisho ni kilo 100, lakini mvua ikikaribia na mpunga uko nje, ada inadaiwa, utamkatalia nani. Na hao wanunuzi Jumapili tunakaa nao benchi moja, mwingine ndiye mwenyekiti wa ujenzi. Kwa hiyo mnaweza kurekebisha sado mkabaki mnauza mpunga wa lumbesa. Mimi nasema tu.

Mwana wa Kagera:
Huu uzi umenikumbusha wazee wetu. Kwetu ulipita ule uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930. Mbegu yake ni ya 1929 pale Namirembe Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi wakakaa na Biblia, wote wawili wameshaona kwamba kanisa limejaa watu waliobatizwa lakini mambo ni yale yale. Moto wake ukaenda Uganda, ukavuka kwetu, ukafika na Kenya.

Kilichowatofautisha hawakuomba toba ya jumla jumla, ile ya "Bwana tusamehe makosa yetu yote" halafu tunakaa. Mtu alikuwa anasimama anataja kitu chenyewe. Wengine walirudisha jembe la tajiri, shuka la hospitali, hela ya mwajiri aliyekuwa ameshasahau. Wenyewe wanaita kutembea nuruni. Matatizo yalikuwepo pia jamani, kuna walioungama ya kujionyesha, na kuna walioanza kukagua nywele za wenzao badala ya mifuko yao. Lakini hili la kutaja kitu kwa jina lake nadhani ndilo limekupotea mzee. Mke wako hajakataa kutubu, yeye hajawahi kuiita wizi. Kwake inaitwa "soko ndivyo lilivyo", na kitu chenye jina hilo mtu atakiombeaje msamaha?

Mkatoliki wa Jumuiya:
Kuna kitu hamjakigusa. Tuseme ameacha leo, na wale waliopunjwa miaka yote? Kwetu sisi maungamo peke yake hayamalizi, Katekisimu namba 1459 na 2412 inasema wazi kwamba aliyechukua cha mtu anapaswa kurudisha, na hiyo 2412 inamtaja Zakayo kabisa, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Augustino alishaandika zamani kwamba dhambi haisamehewi kama kilichochukuliwa hakirudishwi na uwezo wa kurudisha upo.

Sasa mtauliza atamrudishia nani wakati wapita njia hawajulikani. Hesabu sura ya 5 ina mtu wa namna hiyo, anayerudisha na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na kama mwenye haki hayupo wala hana ndugu, inakwenda kwa Bwana kupitia kuhani. Mapadre kwa kawaida watakuambia uwape maskini kiasi kinacholingana. Msimpe mtu namba hapa mtandaoni, akae chini mwenyewe akadirie kwa uaminifu. Na isiwe sadaka ya kutangazwa, maana hiyo siyo sadaka, ni deni.

Mpita Njia 2:
Haya kwa maandiko mmenishinda nakubali. Ila mleta mada wewe si mtumishi wa umma? Zile safari za kikazi za siku mbili zinazojazwa siku nne, posho inaingia, mtu yuko nyumbani anaangalia mpira. Nauliza tu kwa faida ya wengi 😁

Katekista Mstaafu:
Mpita Njia leo umehubiri kuliko mimi.

Baba Tumaini:
Wakuu nimerudi. Jana usiku tumeongea. Biblia sikuishika, Mama Tuli nilikusikiliza. Nilianza kwa kumwambia kuanzia muhula ujao ada naibeba mimi, nimeongea na mtu anayetaka kununua ile pikipiki, ili meza isibanwe. Alikaa kimya muda, akidhani kuna mwanamke nataka kumtambulisha, wallahi nilicheka. Nilipomwambia ni habari ya sado akachukua daftari lake akaanza kunipigia hesabu, hapo ndipo nilipojua mwenzangu amesoma biashara kuliko mimi.

Hoja yake ni hii: sado nzima kwa bei ya sado iliyogongwa, anapata hasara. Sado nzima kwa bei ya haki, mteja anaona ametaja bei kubwa kuliko jirani na anahama, maana kwa macho sado ni sado. Kwa hiyo aliye mwaminifu ndiye anayeonekana mlanguzi. Anachotaka yeye ni kuachana na sado kabisa abaki na mizani, bei ya kilo inaeleweka na mteja anaweza kwenda kupima popote. Ile iliyogongwa ameshaikanyaga mwenyewe asubuhi bila kuniambia, nimeikuta jalalani.

Kilichobaki ni viwili. Kwanza anaogopa majirani wa meza, anasema wakiona ameacha watajua anawasema. Je anawajibika kuwaambia kitu? Pili, wale akina mama anaowaongoza maombi, wapo wanaonunua kwake na siyo wote walikuwa wanapimiwa na ile ya chini. Hapo alilia.

Hilo la posho Mpita Njia, na yeye ameniuliza hivyo hivyo. Nipeni muda.

Mama Tuli:
Majirani asiwaambie kitu, auze. Wakimuuliza ajibu. Wakinuna wanune, nako sokoni kununiana ni kawaida hata bila wokovu.

Wale akina mama ni habari nyingine. Asisimame mbele ya kikundi kizima Jumatano akawa hadithi ya mtaa. Anawajua ni akina nani, aende mmoja mmoja nyumbani kwake, na mchele wa kujazia alipopunja, amwambie kwa mdomo wake. Mmoja atakasirika, huyo amwache akasirike, ana haki. Na usiende naye wewe, utamfanya aonekane kaletwa.

Katekista Mstaafu:
Naunga mkono. Yakobo 5:16 inasema tuungame sisi kwa sisi, haikusema kwa kipaza sauti. Lakini mchungaji aambiwe, tena na wewe mzee ukaambie la kwako siku hiyo hiyo, ikiwezekana kabla ya la kwake.

Mkulima Usangu:
Na gunia?

Baba Tumaini:
Mkulima sijakusahau. Amesema msimu huu atajaribu kununua kwa kilo kwa mkulima mwenyewe, asipitie dalali. Nitumie ujumbe pembeni tuone.

Fundi Mizani:
Mimi kazi yangu ni kutengeneza mizani, ngoja niseme ya kwangu nikalale. Wakala wa Vipimo huwa wanawaambia wafanyabiashara waachane na makopo na ndoo watumie mizani, kwa hiyo hapo mama yuko upande salama hata kwa serikali. Anunue iliyohakikiwa, ina stika, na uhakiki ni kila mwaka, asiishie mwaka wa kwanza. Aiweke uso ukimtazama mteja. Kabla ya kupima bakuli likiwa tupu isome sifuri, na asiiweke kwenye meza iliyopinda maana mizani nzima kwenye meza mbovu nayo inadanganya.

Mama Mboga wa Eldoret:
Na hizi za betri za namba, ziko sawa ama?

Fundi Mizani:
Za betri nazo zinadanganya vizuri tu, chaji ikishuka namba zinaruka. Zipelekwe zikahakikiwe kama zile nyingine.