Tupeane uzoefu: gari lilikaguliwa likapita, ugonjwa ukaja baadaye

Wakuu habari. Naanza mwenyewe.

Miezi miwili iliyopita nilinunua Noah ya mkononi hapa Dar. Sikukurupuka, nilimlipa fundi wangu wa siku zote aje kulikagua nyumbani kwa muuzaji. Akalala chini, akatikisa magurudumu kusikiliza boljointi, akachomeka mashine ya kusoma hitilafu za gari: hakuna hata moja. Tukazunguka nalo dakika kumi mitaa ya Kinondoni, mshale wa joto umetulia chini ya nusu. Nikalipa.

Wiki ya pili nikapakia familia kwenda Mbeya. Chalinze, Morogoro, Mikumi, safi kabisa. Tumeanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la kontena, mshale ukanyanyuka. Nikapaki pembeni, nikazima. Mke wangu hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Tukajikongoja mpaka Ilula. Fundi wa pale akafungua panapokaa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: patupu! Feni nayo imeungwa moja kwa moja, ukiwasha gari tu inazunguka. Kumbe gasketi ya silinda hedi inavujisha, wajanja wakapooza gari lisichemke kwenye mizunguko ya mjini. Aliacha lipoe, akajaza maji, akawasha mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, akaniambia nitazame. Mapovu yanapanda kama chungu cha maharage: gesi ya ndani ya silinda inapenya kwenye maji.

Haya, leteni ya kwenu.

Mdau, Mwanza: Mimi ni giaboksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kupanda na kushuka. Fundi aliendesha robo saa akasema iko vizuri. Siku naenda Shinyanga, baada ya saa moja na ushee likaanza kutetemeka kama linapita juu ya reli. Nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Likipoa linapona. Nililirudisha kwa fundi likiwa baridi, likaniumbua, halina tatizo lolote. Ikabidi nimpakie twende Misungwi na kurudi mara mbili ndiyo akasikia. Tulipofungua sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi, hydroliki (mafuta yake) nyeusi tii, sumaku zimejaa unga wa chuma.

Mdau, Arusha: Yangu fupi. Balbu ya taa ya injini, ile ya onyo kwenye dashibodi, ilichomolewa. Tuliangalia kama inawaka gari likiunguruma, hatukuangalia kama inawaka ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, na hapo ndipo inapotakiwa iwake. Basi.

Mdau, Nairobi: Huku mafuriko ya 2024 yalitufunza. Gari nililonunua baadaye lilikuwa limeoshwa hadi linanukia, makanika akaangalia injini na shokapu, akasema chukua. Baada ya mwezi vioo vinajishusha vyenyewe, taa ya airbag haizimi. Siku moja nikavuta mkanda wa kiti cha nyuma hadi mwisho wake: nusu safi, nusu rangi ya chai, na mstari umenyooka katikati. Chini ya kapeti, kwenye plagi za waya, tope limekauka na shaba imegeuka kijani.

Mdau, fundi wa Tabata: Niwasemee mafundi kidogo. Ukiniita kwa muuzaji nakuta injini imeshapashwa moto, na injini ya moto inaficha mengi: moshi wa bluu wa asubuhi, kelele za tepeti, stata ya kubembeleza. Mwambieni asiliwashe. Mimi nikifika naweka kiganja kwenye boneti hata kabla ya salamu. Halafu mashine kukaa kimya si kipimo, hitilafu zinafutwa kwa dakika moja. Ingia sehemu inayoonyesha kama gari limemaliza kujipima lenyewe. Ukikuta vipimo vingi bado, kuna mtu amefuta juzijuzi, au betri ilichomolewa. Ila na nyie wateja, mnatoa elfu ishirini mnataka nione mpaka ndani ya silinda.

Mdau, Dodoma: Mkuu wa Noah, yule fundi wako ulimrudia?

Mwanzisha mada: Nilimrudia, tena kwa hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Bosi, si ulisema gari ni la kupeleka watoto shule?" Na kweli nilimwambia hivyo. Sasa hivi hedi iko kwa watu wa mashine inasawazishwa. Tukifunga, tunakwenda wote Chalinze na kurudi, mafuta yangu. Nitaleta mrejesho.